Mama aliingia wodini kwa miguu yake, sasa hata kukaa hawezi. Naombeni ushauri

KifunguaMimba:
Wakuu, salaam. Mama yetu ana miaka 79, tumemlaza hospitali ya rufaa ya mkoa (jina naliacha) kwa nimonia. Siku tunampeleka alishuka kwenye bajaji mwenyewe, akamsalimia mlinzi, akauliza bei ya maparachichi pale getini. Sasa homa imekata, kifua kimepungua, na kwenye raundi daktari anasema "anaendelea vizuri".

Huyo anayeendelea vizuri hakai bila kushikiliwa. Mpira wa mkojo anao tangu alipopokelewa. Jana wakati wa kumbadilisha pampasi nimeona chini ya mgongo, pale kwenye kifupa juu ya makalio, pameiva weusi kuliko ngozi yake na ukigusa pana joto.

Kinachotutisha zaidi ni usiku. Mchana anaongea vizuri tu, anaulizia kuku wake. Jua likizama anaanza kumwita marehemu baba, anachomoa kanula (kile kibomba cha dripu mkononi), anasema kuna watu ukutani. Hajawahi kuwa hivi maishani mwake. Usiku mmoja walimfunga mkono kitandani kwa bandeji asing'oe dripu, wakamchoma sindano, kesho yake akawa mzito mpaka saa tano asubuhi.

Shangazi anataka atolewe apelekwe kwa mtaalamu wake wa kienyeji Handeni. Kaka yangu anasema ni uzee, tukubali. Mimi sikubali, ila sijui pa kuanzia. Wodi imejaa na usiku manesi ni wawili, wanachoka mno, sitaki ugomvi nao. Sisi ndugu tunaweza kufanya nini, na tuombe nini bila kuonekana wakorofi?

Mbuyu Mkavu:
Pole. Shangazi msikilizeni, mambo mengine vipimo havioni.

SistaMstaafu:
Mbuyu, tafadhali. Huko Handeni watamkuta na nini, wakati maji hanywi na kitandani hageuzwi?

KifunguaMimba, pole mwanangu. Nimefanya kazi wodini hadi nikastaafu, na hilo la usiku nimeliona mara nyingi kuliko malaria. Linaitwa deliriamu. Ni kuchanganyikiwa kunakokuja ghafla, kwa siku au hata saa chache, kunapanda na kushuka, na jioni kunazidi. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole kwa miezi na miaka, kwa hiyo mwambie kaka yako kwamba mtu aliyekuwa anauliza bei ya maparachichi wiki iliyopita hazeeki kwa usiku mmoja. Kuna kinachomsumbua, na kinatafutwa. Kwa mzee mwenye nimonia huwa ni maambukizi yenyewe, oksijeni kuwa chini, upungufu wa maji, choo kilichofunga siku nne, mkojo uliobanwa, maumivu asiyoyasema, au dawa.

Kwenye dawa simama hapo. Muulize daktari kwa upole: "Ile sindano ya usiku ni dawa gani, na anaihitaji bado?" Diazepamu, ile dawa ya kutuliza, kwa mzee inazidisha kuchanganyikiwa, na akisimama inamwangusha. Hata piritoni, ambayo tunaigawa kama pipi, kwa wazee inavuruga akili, inakausha kinywa na kufunga choo. Kama kuna dawa ya usingizi aliyokuwa akimeza nyumbani kwa muda mrefu, msiikatishe wenyewe, mtajieni daktari aipange.

Mengine ni kazi yenu, na ndiyo yenye nguvu. Miwani yake ipo wodini au mmeiacha nyumbani? Mchana mmoja wenu awepo, amwambie leo ni siku gani, yuko wapi, nani kajifungua mtaani. Anywe maji kidogo kidogo, ila muulizeni daktari kwanza kama ana shida ya moyo au figo. Asilale mchana kutwa. Usiku aone sura anayoijua. Akianza kumwita baba yenu msibishane naye, mshikeni mkono, mwambieni mpo. Mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake wa Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 852 wa miaka 70 kwenda juu. Waliohudumiwa kwa mambo ya aina hii, mengi yakifanywa na watu wa kujitolea, waliopata deliriamu walikuwa asilimia 9.9. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 15. Hapo hakuna dawa ya bei mbaya hata moja.

Na mpira wa mkojo: uliza sababu yake. Kama aliwekewa kwa kuwa tu hawezi kwenda chooni, ni njia ya wadudu na ni kamba inayomfunga kitandani.

Fizio wa Mtaani:
Naongezea kwa Sista. Kitanda chenyewe kinaumiza. Kuna utafiti wa 2007 waliolaza wazee wazima kabisa, wasioumwa, siku 10 tu. Kwa wastani walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Mama yako alikuwa na nimonia juu yake, na najua hali chakula cha kueleweka. Usishangae magoti kukataa.

Muulizeni daktari au fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) wa hapo swali moja: "Anaruhusiwa kutoka kitandani?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila hakuna aliyeuliza. Akiruhusiwa, anzeni kwa kumkalisha pembeni ya kitanda miguu ikigusa chini, mmoja mbele mmoja ubavuni. Akipata kizunguzungu mrudisheni, jaribuni tena baadaye. Akizoea, milo yote aile kwenye kiti. Kisha asimame, kisha hatua mbili tatu. Mleteeni viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Malapa wodini ndiyo yanatuletea nyonga zilizovunjika.

Na msimvute kwa mikono wala makwapa. Nimeona mabega yakitoka kwa ajili ya mapenzi ya watoto.

Mkunde:
Hilo la weusi kwenye kifupa ni la leo, sio la kesho. Kwenye ngozi yetu msitegemee kuona wekundu kama kwenye picha za vitabu. Gusa: kama pana joto, pamekuwa pagumu au palaini kupita pembeni yake, au anaruka ukigusa, kidonda kimeshaanza ndani. Mwambieni nesi aandike kwenye faili.

Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia, na kwa sasa chali mpunguze. Akilala ubavu asilale nyonga moja kwa moja, awe ameegemea mto mgongoni. Mto mwingine kati ya magoti. Visigino vielee, yaani weka mto chini ya vigimbi. Glavu zilizojazwa maji na zile pete za kukalia achaneni nazo, zinahamisha mgandamizo tu. Msipasugue kwa mafuta wala spiriti. Pampasi ikilowa itolewe muda huo huo. Na ale yai, dagaa, maharage, maziwa. Kidonda hakifungi kwa uji mweupe. Wakati wa kula awe ameketi, na abaki hivyo nusu saa, chakula kisije kikapita njia ya hewa.

Mbuyu Mkavu:
Sasa wote hao wageuze mgonjwa, manesi wanalipwa kwa nini?

Mkunde:
Mbuyu, manesi wawili, wodi nzima, kila saa mbili. Piga hesabu mwenyewe.

Mswahili wa Leeds:
Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza. Kuna kitu kimoja mnaweza kuiga bila hela. Kila mzee asiyejigeuza ana karatasi: saa, amelala upande gani, amekunywa kiasi gani, amepata choo, nani kamhudumia. Chukueni daftari la shule mlitundike kitandani. Ndugu akipokea zamu anasoma, na daktari akija kwenye raundi hamumwambii tu "hanywi vizuri", mnamwonyesha. Ukurasa wa kwanza andikeni yeye ni nani: anaitwa nani na wajukuu, sikio gani linasikia, anakunywa chai ya namna gani, kabla ya kuugua alikuwa anatembea hadi wapi. Hilo la mwisho ndilo muhimu, maana daktari anayemkuta amelala anadhani ndivyo alivyo siku zote.

Na msione huku ni peponi. Huku ilibidi watu waanzishe kampeni mwaka 2014, John's Campaign, ili ndugu wa wagonjwa wenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) waruhusiwe kukaa nao wodini. Kwenu ndugu wapo tayari, ila wanatimuliwa saa ya kuona wagonjwa ikiisha.

Bi Pangani:
Kuhusu kutoonekana mkorofi: usimkamate nesi wa zamu akiwa na sinia la sindano mkononi. Nenda kwa inchaji (nesi msimamizi) wa wodi asubuhi, raundi ikishaisha. Mwambie "tumekuja kuwasaidia, tuelekezeni namna ya kumgeuza", halafu ndipo uombe kibali cha ndugu mmoja kulala. Nilivyofanya kwa babu nilipewa kibali na kiti. La kufunga mkono liseme pia hapo hapo, kwamba mtu wenu akiwepo usiku hakuna haja ya bandeji. Kanula inaweza kufunikwa kwa soksi au mkono wa sweta. Ikishindikana, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Na kama gharama zinawabana, huko ndiko pa kuulizia msamaha. Sera ya wazee ya 2003 ilimpa mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza haki ya kutibiwa bure. Utazungushwa kidogo, nenda na barua ya serikali ya mtaa.

KifunguaMimba:
Asanteni sana. Nimemwona inchaji, mama mkali kwa sura lakini alinisikiliza. Mpira umetolewa, daktari kasema kweli hakukuwa na sababu ya kuendelea nao. Choo ndicho kilikuwa tatizo, hakupata tangu alazwe na hakuna aliyekuwa anahesabu. Miwani ilikuwa kabatini nyumbani. Kaka analala naye usiku. Jana bado kaweweseka lakini hakung'oa kitu. Shangazi tumempa zamu ya mchana, anamlisha na kumpa umbea, Handeni hajaitaja tena.

Wanasema wiki hii wanaweza kumruhusu. Nina hofu na nyumbani, chumba chake kina ngazi mbili na choo kiko nje.

SistaMstaafu:
Kabla hamjatoka muombeni fizio amwone akipanda ngazi hizo mbili, wodini hazikosi. Usiku atumie ndoo yenye kiti chumbani, msimpeleke nje gizani. Deliriamu inaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha kabisa, msikate tamaa akichanganya majina. Ikirudi kwa ghafla, au akilala kupita kiasi, akikataa kula, au akihema haraka, mrudisheni siku hiyo hiyo.

Dawa zote za nyumbani, za presha, za miguu, alizopewa na jirani, zitieni kwenye mfuko mmoja mwende nazo kwa daktari siku ya kuruhusiwa. Aseme ipi inaendelea na ipi inatupwa, aandike kwa maandishi yanayosomeka. Asipoandika vizuri, mwambie akusomee nawe uandike.