Tupeane uzoefu: mlioishi Uskoti, watu wa karibu yenu walimchukuliaje Nicola Sturgeon?

Dada wa Southside (mwanzisha mada)

Wapendwa, habari za jioni. Niko Glasgow tangu 2012, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa: yule mama wa Uskoti, mbona alipendwa hivyo kisha akachukiwa hivyo? Nashindwa kujibu kwa kifupi. Ndiyo nikaona tukusanye hapa, kila mtu aeleze alichokisikia kwa jirani, kazini, au getini pa shule ya watoto. Ya magazetini tunayo tayari.

Kwa ambao hawakumfuatilia: mzaliwa wa Irvine, 1970. Aliingia SNP, chama kinachotaka Uskoti ijitenge na Uingereza, akiwa na miaka 16. Alisomea sheria hapa hapa Glasgow. Novemba 2014 akawa Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Uskoti, cheo kama kile kilichokuwepo Zanzibar hadi 2010, na alikuwa mwanamke wa kwanza kukishika. Ilikuwa miezi miwili tu tangu kura ya uhuru ishindwe kwa asilimia 55 dhidi ya 45. Alikaa zaidi ya miaka minane.

Nianze na yangu. Mwaka 2020, wakati wa korona, alikuwa akitoa taarifa kwenye televisheni kila siku, saa sita ikipita kidogo. Tulikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye lazima achane nywele kabla taarifa haijaanza, kama anayetarajia mgeni. Mwenzake, mjane wa fundi wa meli za mto Clyde, alikuwa akigeuza kiti kuelekea dirishani mara tu Nicola anapotokea. Lakini hakutoka chumbani hata siku moja. Binti yake alikuwa haruhusiwi kuingia kumwona, na aliyekuwa akitangaza lini wataruhusiwa ni huyo huyo Nicola. Kwa hiyo alimsikiliza kila siku, akiwa amempa mgongo.

Na sisi wahudumu tuligawanyika. Wagonjwa wengi walitolewa hospitali msimu ule na kupelekwa nyumba za wazee nchini kote bila kupimwa. Mwenzangu mmoja alisema hilo hatalisamehe serikali maisha yake yote. Mwingine akamjibu, "Angalau huyu anasimama kila siku kuulizwa maswali." Walifanya zamu moja miezi mingi wakiongea mambo ya kazi tu.

Karibuni.

Mtu wa Bukavu

Asante dada. Mie nilifika Glasgow kuomba hifadhi, karatasi nikapata 2018. Kura yangu ya kwanza Uskoti ilikuwa Mei 2021, kwa sababu bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2020 kwamba hata mkimbizi na mgeni mwenye kibali cha kuishi apige kura ya bunge la Uskoti. Nilivaa suti. Watu wa kwetu wengi walimpigia yeye kwa ajili ya hilo tu, na sioni aibu kulisema.

Wiki moja baadaye ikatokea habari ya mtaa wa Kenmure Street, Pollokshields, hapa Glasgow, ndani ya jimbo la uchaguzi la Nicola. Tarehe 13 Mei, siku ya Idi, maofisa wa uhamiaji walikuja asubuhi wakawapakia Wahindi wawili kwenye gari. Mtu mmoja akajilaza chini ya gari. Majirani wakatoka mmoja mmoja, mwisho mamia. Walikuwa wakiimba: hawa ni majirani zetu, waacheni waende. Saa nane hivi zilipita, na jioni wale watu wakaachiwa.

Kando yangu alisimama mzee wa ghorofa ya chini kwetu. Huyo ana bendera ya Uingereza dirishani, na Nicola hataki hata kumsikia. Siku ile Nicola aliandika waziwazi kulaumu operesheni ile, nikamwonyesha kwenye simu. Akasoma, akanirudishia, akasema: "Ameandika ukweli. Lakini gari limezuiwa na sisi." Nimelifikiria sana neno lile. Wengi huku waliona kwamba yeye ana maneno mazuri, na kazi wanafanya wao.

Kisima cha Lamu

Hapo kwenye kura niongeze kidogo: sisi wa Jumuiya ya Madola, Wakenya, Watanzania, Waganda, tulikuwa nayo tangu zamani. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi ndio waliopata jambo jipya 2020. Ndiyo maana mapenzi hayakulingana hata ndani ya jamii yetu ya Waswahili.

Mkenya wa Aberdeen

Njooni huku kaskazini mashariki msikie mengine. Hapa watu wanaishi kwa mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na 2014 mji huu ulisema hapana kwa uhuru. Novemba 2021, mkutano wa tabianchi wa Glasgow ukiwa umemalizika tu, Nicola akasema kisima cha mafuta cha Cambo, magharibi ya Shetland, kisipewe kibali. Kazini kwetu siku hiyo chai ilinywewa kimyakimya. Mzee mmoja mchomeleaji, mtu mpole kabisa, aliuliza: "Wajukuu wangu watakula upepo?" Mimi mwenyewe nina watoto wanaosoma kwa mshahara huo, na nilimwelewa.

Lakini kuna jambo linaniuma zaidi na ndilo lililonileta kwenye uzi huu. Mtangulizi wake, Alex Salmond, walimpinga kwa hesabu: bei ya pipa, sarafu, deni la taifa. Nicola wakiacha Cambo, walihamia kwenye nywele, sauti, viatu, na kwamba hana mtoto. Wala si chumba chetu cha chai peke yake. Machi 2017 gazeti moja kubwa la London lilimweka ukurasa wa kwanza pamoja na Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, viongozi wawili waliokutana wakati wa mvutano wa Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na kichwa cha habari kikawa miguu yao!

Siku moja kwenye karamu ya kazini mtu alirudia lile la kukosa mtoto. Mke wa mchomeleaji yule akaweka uma mezani. Akasema Nicola mimba yake iliharibika akiwa na miaka 40, na siku zile zile alikuwa amesimama kwenye kumbukumbu ya maafa ya uwanja wa mpira wa Ibrox kwa sababu ni kazi yake. Hilo lilijulikana 2016. Mama yule akaongeza, "Mimi simpigii kura. Lakini hilo msiliseme mbele yangu." Meza ikatulia. Mumewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba radhi, ingawa hakuwa yeye aliyesema.

Mama Mapacha, Dundee

Mimi nilipata sanduku la mtoto, kwa kila mtoto moja, masanduku mawili mlangoni. Linatolewa tangu 2017 kwa kila mtoto anayezaliwa Uskoti bila kuangalia kipato wala viza ya mzazi. Nguo, kipimajoto, vitabu. Nililia. Malipo ya mtoto ya kila wiki, yaliyoanza pauni 10 mwaka 2021 hadi 25 mwishoni mwa 2022, sikuyapata kwa sababu ya masharti ya viza yetu, na masharti hayo yanatoka London. Jirani yangu Mskoti anayapata, na aliniambia hatasahau nani aliyeyaleta.

Jirani huyo huyo alimwacha Nicola Desemba 2022. Ile sheria ya kurahisisha mtu kubadili jinsia yake kisheria ilipita kwa kura 86 kwa 39, na mwezi uliofuata London ikaizuia. Getini pa shule akina mama waliokuwa wakisubiri watoto pamoja miaka mitatu wakaanza kusimama makundi mawili. Kuna aliyesema Nicola amewasikiliza watu wachache wasio na mtetezi. Jirani yangu akasema amewaambia wanawake wenye hofu kwamba hofu yao si halali. Aliyasema kwa huzuni, kama anayezungumzia dada aliyeacha kupokea simu zake. Wale wasiompenda tangu mwanzo hawakuwa na uchungu wa namna ile.

Mwanafunzi Stirling

Mwenye nyumba wangu ni mtu wa uhuru damu na nyama, na hasira yake ni nyingine kabisa: miaka minane, uhuru uko wapi? Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliposema bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura bila ridhaa ya London, aliteremsha bendera akaikunja. Juni 2023 polisi walipomkamata Nicola katika uchunguzi wa fedha za chama, hakusema kitu. Machi 2025 alipoambiwa hatachukuliwa hatua, hakusema kitu vilevile.

Dada wa Southside (mwanzisha mada)

Mkenya wa Aberdeen, nimesoma yako mara mbili. Yule bibi wangu wa dirishani alikuwa na neno lake baya la kumwita Nicola, la umbo, sitaliandika hapa. Februari 15, 2023, siku anatangaza kujiuzulu, alikuwa peke yake chumbani, mwalimu alikwishafariki. Nikamkuta kiti kimeelekezwa kwenye televisheni. Akaniambia niongeze sauti.

Bado hatujamsikia mtu wa visiwani. Wenzenu tunataka kujua: ile meli Glen Sannox, aliyoizindua Nicola 2017 na ikaanza kubeba abiria Januari 2025, wenyeji wa kisiwa cha Arran walikuwa wakimsemaje miaka yote ile ya kusubiri?