Ushauri wakuu: plagi za mashine za oksijeni wodini zinayeyuka, ninunue aina gani?

Fundi_wa_Wilaya:
Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi vifaa tiba hospitali ya wilaya, niko peke yangu. Wodi ya watoto tuna konsentreta (mashine za kuchuja oksijeni kutoka kwenye hewa) za lita 5 kwa dakika, zinawaka usiku na mchana, na mashine zenyewe ziko poa kabisa, shida ni plagi, inapata moto, inakuwa ya kahawia upande wa laini (pini inayoleta umeme) mpaka inagandia kwenye soketi. Halafu ule upande wa kebo unaoingia nyuma ya mashine, mtu akidekia tu akaugusa unachomoka, na mtoto yuko kwenye oksijeni!! Nimepewa hela kidogo ya kununua plagi na kebo. Nichukue zipi? Kuna mwenzangu anasema niunge waya moja kwa moja ukutani niachane na plagi.

Mzee wa Ampia:
Usinunue plagi kabla hujaangalia soketi mkuu. Mashine kama hiyo inakula wati 350 hivi, kwa volti 230 ni chini ya ampia 2, sasa plagi ya ampia 13 inayeyukaje? Vile vibati vya ndani ya soketi vimelegea, havibani pini, mguso ukiwa mbovu unatengeneza joto hapohapo. Na fyuzi haitakusaidia maana umeme haujazidi, fyuzi haioni joto la mguso. Ukiweka plagi mpya kwenye soketi hiyohiyo utarudi hapa mwezi ujao. Kuunga moja kwa moja hapana, mashine ikileta shida nesi anaichomoaje?

Fundi_wa_Wilaya:
Dah kweli, nimeenda kuchomeka plagi nyingine pale, inacheza kabisa. Sasa dukani nitajuaje orijino? Zote zimeandikwa BS 1363, kile kiwango cha Uingereza cha plagi za pini 3.

dada_vifaatiba:
Maandishi yasikudanganye kaka. Nenda na sumaku, pini inatakiwa iwe shaba nyeupe au ya njano, sumaku ikinasa hiyo ni chuma kimepakwa rangi, acha. Angalia na pini ndefu ya ethi (ya usalama, inayopeleka umeme uliovuja ardhini): laini na nyutro (pini ya kurudisha umeme) zina plastiki nyeusi kwenye shina, ethi haitakiwi kuwa nayo, ukikuta ethi imevalishwa plastiki ujue feki, ile plastiki inaweza kuzuia ethi isishike. Fyuzi weka ya ampia 5, kwa mashine ya lita 5 inatosha, 13 ni kubwa mno kwa kebo nyembamba.

Ile ncha ya kebo inayoingia nyuma ya mashine inaitwa C13, zipo zenye loki, unasukuma inajibana, kuitoa mpaka ubonyeze au uvute kitufe. Bei imechangamka ila kwa mashine ya kumuweka mtu hai nunua hiyo, kwa kompyuta ya mapokezi weka ya kawaida. Kama mfuko umekaza uliza kibano cha waya cha kushikilia kebo, kuna mashine zina matundu yake tayari.

njiti_na_mama:
Mimi ni nesi, naomba niongeze. Mashine za msaada kutoka Ulaya zinakuja na plagi za duara pini mbili, watu wanatia kalamu kwenye tundu la ethi kufungua soketi halafu wanazisukuma humo. Zinaingia, ila ethi ya pembeni haigusi popote! Kwa kitu chenye bodi ya chuma kinachomgusa mtoto, hiyo ni hatari jamani, naomba fundi yeyote anayesoma apite wodini aangalie leo.

Mzee wa Ampia:
Dada umesema la maana. Hizo kata kichwa, weka plagi ya pini 3 yenye ethi, na ule waya wa kijani na njano uache mrefu kuliko wenzake ndani ya plagi, kebo ikivutwa ethi iwe ya mwisho kung'oka. Tena kaza skrubu ya kubana kebo juu ya ganda la nje la kebo, si juu ya nyuzi.

Fundi_wa_Wilaya:
Nimewaelewa wakuu. Kwa hiyo hela naanza na soketi, zinazobaki kebo za loki kwa konsentreta. Ethi nipimeje, multimita inatosha?

dada_vifaatiba:
Inakuonyesha kama imekatika, basi. Ukinzani unaoruhusiwa kutoka pini ya ethi mpaka bodi ni sehemu ndogo tu ya ohm moja, na nyaya za multimita zenyewe zina karibu hiyo. Omba kipima usalama cha umeme hospitali ya mkoa, wakikupa pima zote siku moja, anza na zinazogusa watoto.