Pikapu ya zamani: rejeta ya hita inavujia ndani ya kabini, nishushe dashibodi au nipige baipasi?

Dereva wa Alfajiri
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri, hasa wa waliowahi kuishika kazi hii kwa mikono yao.

Nina pikapu ya mwaka 1994, kabini moja, injini ya dizeli, AC ipo na inapooza vizuri. Kwa muda sasa maji ya rejeta yanapungua, lakini nikichungulia chini ya gari sioni hata tone. Nikiwasha hita inatoka harufu tamutamu, na kioo cha mbele kinashika ukungu ambao kitambaa hakiutoi, kinausambaza tu na kuacha utando kama wa mafuta. Kapeti upande wa abiria limelowa pale juu, karibu na ukuta wa injini. Nimesugua ule unyevu vidoleni, unateleza, na rangi yake ni kijani kilekile cha kulanti (maji ya dawa ya kupoozea injini) niliyoweka.

Fundi mmoja anasema nimwage dawa ya kuziba matundu nisahau shida. Mwingine anasema tupige baipasi, yaani tuunganishe mipira miwili ya hita ili maji yasipite kwenye hita, ibaki hivyo moja kwa moja. Wa tatu anataka kushusha dashibodi nzima. Gari hii ndiyo inayolisha nyumba na naitoa kabla jua halijachomoza. Sitaki ikae juu ya mawe, na sitaki ifunguliwe mara mbili kwa tatizo lilelile. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Spana Kumi
Pole sana mkuu. Kwa maelezo yako rejeta ya hita (ile ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, inayopasha moto hewa ya kabini) imetoboka, lakini usimruhusu mtu aguse dashibodi kabla hujathibitisha.

Kapeti kulowa upande huo mara nyingi husababishwa na bomba la kutolea maji ya AC likiziba. Maji yale ni safi, hayana harufu wala utelezi, kwa hiyo hilo kwako naliondoa. Linalobaki ni maungio ya mipira ya hita pale inapopenya ukuta wa injini. Maungio yakivuja taratibu, maji hufuata bomba yakaingia ndani, na wewe ukadhani rejeta imekufa. Fungua boneti, chukua tochi, fuata mipira miwili mpaka ukutani. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye klampu, badilisha mpira na klampu kwanza, uendeshe gari uone.

Kukiwa kukavu, tafuta mwenye pampu ya kupimia presha ya rejeta. Injini iwe baridi kabisa, funga pampu mahali pa mfuniko wa rejeta, pampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko wenyewe (magari mengi ni kama bar 0.9 hadi 1.1), kisha uache. Mshale ukishuka na nje hakuna tone, ingiza mkono chini ya dashibodi. Utayakuta maji huko.

Mama Gereji
Nakubaliana na Spana Kumi. Mimi niseme kuhusu dawa na baipasi.

Dawa usiweke, mdogo wangu. Njia za maji ndani ya rejeta ya hita ni nyembamba mno, na ile dawa haichagui tundu la kuziba. Itaganda kwenye hita, kwenye rejeta kubwa, popote maji yanapopita polepole. Nimefungua rejeta kubwa zilizojaa tope la dawa hiyo, na wenye magari waliletwa hapo na kuchemsha, tatizo ambalo mwanzoni hawakuwa nalo.

Baipasi inafaa kama huduma ya kwanza. Ifanye upande wa injini: mpira mmoja wenye kipenyo sahihi, utoke bomba la kupeleka hadi bomba la kurudisha. Usizibe mabomba mawili kwa vizibo, kwa sababu kuna injini ambazo njia ya hita ndiyo inayozungusha maji wakati themostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) bado imefunga. Ila ujue kwamba umepoteza hewa ya moto ya kukausha kioo. Wewe unatoka gizani na kioo kimeshika ukungu, kwa hiyo kuiacha hivyo milele siiungi mkono hata kidogo.

Na jambo la afya. Kulanti nyingi ni ethilini glikoli, ambayo ni sumu ikinywewa, na utamu wake huvutia watoto na wanyama. Zima hita leo, endesha vioo vikiwa wazi, na kapeti hilo litolewe lioshwe kwa maji mengi. Ukilikausha juani tu, harufu itarudi na kioo kitaendelea kushika utando.

Bado Najifunza
Samahani wakuu, kwani haiwezi kuchomelewa ikarudishwa?

Mama Gereji
Ya shaba inachomeleka kwa risasi, ya alumini ni shida. Lakini fikiria kazi ya kuitoa. Kurudisha iliyotiwa kiraka ndani ya dashibodi ni kujiandalia kazi hiyohiyo tena.

Mzee wa Mita
Vijana mnakimbilia kubadilisha, hakuna aliyeuliza kwa nini ilitoboka. Ukiweka mpya bila kujibu swali hilo, nayo itafuata.

Mara nyingi chanzo ni kulanti kuukuu. Dawa zake za kuzuia kutu huisha nguvu, au watu huongeza maji ya bomba kila siku mpaka kulanti inabaki rangi tu. Chuma huanza kulika kwa ndani, na hita ndiyo yenye kuta nyembamba kuliko zote.

Kingine ni umeme kupita kwenye maji. Waya wa eathi (wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) kati ya injini na bodi ukioza, umeme hutafuta njia nyingine, na kulanti ni njia. Weka multimita kwenye volti za DC, waya hasi wa mita kwenye hasi ya betri, ncha chanya uichovye kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Pima injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inaunguruma na taa na feni zimewashwa. Inatakiwa ikaribie sifuri. Ukisoma volti 0.3 au zaidi, safisha na ukaze eathi zote kabla ya kununua chochote. Ikiwa namba ni ileile hata vifaa vyote vikiwa vimezimwa, kulanti yenyewe imechoka, imwage.

Mwisho, hakikisha gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda) ni nzima. Ikiwa mipira inakakamaa kama jiwe muda mfupi tu baada ya kuwasha injini ya baridi, presha inatoka kwenye silinda na itaipasua hata hita mpya.

Dereva wa Alfajiri
Nawashukuru sana wakuu, shikamoo mzee. Nimerudi na majibu. Mipira ukutani mikavu. Pampu ilifungwa, mshale ukashuka, na fundi alipoingiza mkono chini ya dashibodi ukatoka umelowa. Mipira haikakamai mapema. Mita ilisoma 0.4 vifaa vikiwashwa, na kweli waya wa eathi wa injini ulikuwa na ukungu wa kijani, nyuzi chache tu ndizo zimeshika. Tumeweka mpya, sasa inasoma karibu na sifuri.

Baipasi nimeweka kwa sasa, rejeta mpya ya hita nimepata. Swali ni AC. Fundi anasema lazima gesi itolewe. Airbegi gari hii haina.

Kata Kona
Mkuu usihangaike na dashibodi. Mimi nilikata boksi la hita kwa chini, nikachomoa rejeta, nikaingiza mpya, nikafunga kwa siliconi. Kazi ya asubuhi moja.

Mama Gereji
Kata Kona, boksi likikatwa bila kujua ndani kuna nini unaweza kukata vali ya hewa (kibao kinachoelekeza hewa) au bomba la gesi lililo jirani. Halafu siliconi ikiachia, hewa inavuja na kioo hakikauki tena. Simshauri mtu mwenye gari zima.

Dereva, inategemea boksi lako. Kwenye pikapu nyingi za zamani boksi la hita liko peke yake katikati, na evapareta ya AC (sehemu inayopooza hewa) iko kwenye boksi la pili upande wa kabati la abiria. Ikiwa hivyo, gesi haiguswi. Ikiwa vyote vimo kwenye boksi moja, gesi itolewe kwa mashine, isiachiliwe hewani, na mabomba yakishafunguliwa yafunikwe hapo hapo yasinyonye unyevu. Mwambie fundi akuonyeshe mabomba ya AC yanapopenya ukuta ndipo akubaliane nawe.

Wakati wa kufungua, toa hasi ya betri kwanza. Mwaga kulanti kwenye beseni, usiache ardhini. Mipira ya zamani hung'ang'ania mabomba ya hita, na mtu akiisokota kwa koleo anapinda bomba. Upasue kwa wembe kwa urefu, uumenye kama ganda, mpira mpya upo. Kila skrubu ipigwe picha mahali pake kabla haijatoka, kwa sababu zinafanana lakini urefu unatofautiana, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa kitu nyuma.

Rejeta mpya izungushiwe sponji kingoni kama ya zamani ilivyokuwa. Watu wengi huitupa sponji ile, halafu hewa inapita pembeni na wanalalamika hita haina joto. Kagua pia vali za hewa na kebo zake wakati boksi liko wazi, hutaliona tena karibuni.

Na kabla ya kurudisha dashibodi, unganisha mipira, jaza maji, piga presha na pampu ileile, uiache kwa muda huku ukitazama maungio. Hapo usikubali kuharakishwa na mtu.

Dereva wa Alfajiri
Nimekuelewa dada. Kujaza kulanti, nizingatie nini?

Spana Kumi
Suuza mfumo kwanza mpaka maji yatoke meupe. Changanya kulanti na maji yasiyo na madini (distilled water) nusu kwa nusu, aina ile inayotajwa kwenye kitabu cha gari.

Hewa ndiyo itakusumbua, kwa sababu rejeta ya hita iko juu kuliko sehemu nyingi za mfumo. Pandisha pua ya gari kwenye mwinuko, injini ikiwa bado baridi fungua mfuniko, weka swichi ya hita kwenye joto la mwisho, kisha washa. Minyaminya mipira huku ukiongeza polepole mpaka mapovu yaishe na themostati ifunguke. Mipira miwili ya hita ikiwa ya moto sawasawa, maji yanapita. Ukisikia maji yakigugumia nyuma ya dashibodi, hewa bado ipo, rudia. Kisha funga mfuniko, endesha, acha ipoe usiku, na kabla ya kuondoka alfajiri angalia kiwango. Kwa kawaida kitakuwa kimeshuka kidogo, ongeza.