Naomba ushauri: Hilux ya dizeli imesoma nguvu ndogo kwenye dainamomita (mashine ya kupima nguvu ya gari)
Wakuu, habari za leo. Nipo Dodoma, nina Hilux ya dizeli, injini 1KD ya lita 3.0, haijachezewa kitu. Kitabu kinasema nguvu farasi 171. Juzi nikiwa Dar niliipandisha kwenye dainamomita; ikapimwa mara tatu, gia ya nne, ikasoma farasi 128 kwenye magurudumu.

Filta ya hewa na ya dizeli ni mpya, mipira ya turbo haivuji, moshi mweusi hamna. Ila nikirudi na mchele wa Igunga, mlima Sekenke napanda na gia ya pili. (Mama watoto anasema tatizo ni magunia.)

Najua giaboksi na difu zinakula kiasi cha nguvu kabla haijafika kwenye magurudumu, lakini farasi 43 zote? Na nianze kukagua nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye injini) au turbo?