Dalali uliyenambia X-Trail na RAV4 ni gari moja, njoo uipandishe wewe hapa Mkoani, Pemba

Assalamu alaykum wakuu. Naandika na hasira, lugha ikinitoka vibaya mniwie radhi.

Nilivuka Unguja na fedha za karafuu za misimu miwili, moyo wangu wote uko kwenye RAV4 ya Toyota. Dalali akanikamata mkono: "Sheikh, RAV4 unalipia jina tu. Chukua X-Trail, injini ya cc elfu mbili vilevile, nafasi kubwa, fedha itakayobaki kaezekee nyumba." Nikaona mtu kasema. Nyumba nimeezeka kweli, mabati yanang'ara. Gari iko juu ya matofali uani na kuku keshatagia chini yake.

Niliyopewa ni X-Trail ya Nissan, ile shape ya T31 ya 2008, injini ya MR20, gia boksi ya CVT. Neno CVT dalali hakulitaja hata kwa kuteleza ulimi. Kwa asiyejua kama nilivyokuwa mie: mle ndani hamna gia za kupanda moja, mbili, tatu. Kuna mkanda wa chuma unabanwa baina ya puli mbili, na uhai wake wote ni oili yake. Kwa Nissan hii inatakiwa oili iitwayo NS-2, ambayo ni ya kijani.

Nimeishusha melini Mkoani, nyuma yupo mama, watoto na mizigo. Kile kipandio cha kutoka bandarini mnakijua. Katikati ya kilima injini inapiga kelele, sindano imepita elfu nne, gari inakwenda mwendo wa punda aliyegoma. Halafu ikakata nguvu kabisa. Mama kaanza kusoma Yasin kwa sauti. Tukakaa pale nusu saa ikapoa, ikapanda kama hakujatokea kitu. Ikafanya hivyo hivyo njia nzima mpaka Chake, kila kilima na kituo chake.

Fundi kufungua nati ya chini, ikatoka oili nyekundu iliyoungua, inanuka mkate wa kumimina uliosahauliwa jikoni. Nyekundu! Yaani kuna mtu kaimiminia ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, gia boksi ilipoanza kuteleza akaitafutia mjinga wa kuvuka bahari. Nimempigia dalali, jawabu lake: "Kwangu ilitoka inatembea." Unguja tambarare, itaacha kutembea?

Sasa najua mtakuja na "ungechukua RAV4". RAV4 ipi? Shemeji yangu anayo ya 2006, injini ya 2.4, anatembea na galoni ya oili kwenye buti kwa sababu inakunywa kuliko petroli. Tena ilikuwa ya kukodisha watalii, ukiinama chini kutu ya chumvi unaichomoa kwa kidole. Na nyie mnaosema RAV4 haina CVT, shape hiyo iliyotoka Japani nayo ni CVT, kasomeni. Yenye gia nne za kawaida ni ya nyuma yake, ya 2000 mpaka 2005. Hiyo mafundi wa hapa wanaielewa, ila ile injini yake ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nayo ina matatizo yake, pampu na masizi.

Nisiidhulumu X-Trail, AC inagandisha na magunia inabeba. Ingekuwa mimi ndiye niliyeitunza tokea mwanzo nisingelia hapa. Mtu anakulinganishia gari mbili kwa bei na ukubwa wa buti, kilichotiwa kwenye gia boksi anakificha, na kamisheni yake keshakula!

Sasa naambiwa niagize gia boksi ya mtumba kutoka Dar. Mwenye kuijua CVT kwa mikono yake, si kwa kusikia barazani, anijibu: nitajuaje kama na hiyo haikutiwa nyekundu?