Kishikio cha simu chenye kofia ya jua: cha kioo, cha dashibodi au cha tundu la kiyoyozi? (Lubumbashi)

ShofereKatuba

Bandugu, jambo. Natafuta kishikio cha simu cha ndani ya gari, kile chenye kofia inayokinga jua lisipige kioo cha simu. Gari ni Toyota IST, usukani kulia. Nafanya teksi hapa mjini, na mara nyingine napeleka watu mji wa Likasi au Kasumbalesa mpakani. Simu ni chombo cha kazi: ramani iko humo, na wateja wananitumia mahali walipo kwa WhatsApp. Tangu Septemba mpaka mvua zishike vizuri, mchana sioni kitu. Inabidi nisimame pembeni niifunike simu kwa mkono ndipo nisome, na abiria amekaa nyuma anasubiri.

Nimezunguka soko la Mzee Kabila na maduka ya vifaa vya gari pale mjini. Kuna cha mpira unaonyonya kioo cha mbele, mkono mrefu, kofia yake inavutwa mbele na nyuma. Kuna cha kubandika juu ya dashibodi kwa gundi, kimeundwa kama sanduku dogo lisilo na mlango, simu inaingia ndani ya kivuli. Kuna cha kubana kwenye mapezi ya tundu la kiyoyozi, hicho hakina kofia. Halafu kuna kinachochomekwa kwenye mdomo wa CD, na kofia yake unainunua kando.

Nilivyovishika dukani, vingi vyenye kofia kubwa vina taya dhaifu, na simu inacheza ndani. Barabara zetu mnazijua. Kwangu kushika ni muhimu kuliko kivuli, lakini nataka vyote viwili. Waliovitumia, niambieni ukweli.

MamaKasumbalesa

Jambo ndugu. Mimi naendesha Noah kwenda kuchukua bidhaa mpakani, usukani kulia kama wewe. Nakuomba cha kioo usikichukue, hata kama kinashika vizuri.

Kwetu Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara. Mwenye usukani wa kulia anakaa ukingoni kabisa, karibu na majani. Ukitaka kulipita lori la shaba, unanyoosha shingo na kutazama kushoto, kupitia katikati ya kioo. Mahali hapo hapo ndipo watu wanabandika simu! Simu peke yake inaziba kidogo. Ongeza kofia na yale masikio mawili, vibao vya pembeni vinavyokinga jua, umeshafunika pale linapotokea gari la mbele. Barabara ya Kasumbalesa malori hayaishi, sitaki hata kufikiria.

Kishikio kiwe chini ya mstari wa macho, juu ya dashibodi au mbele ya tundu. Mimi natumia cha dashibodi chenye masikio. Barabara yetu inashuka kusini, kwa hiyo asubuhi jua linaingia kwa dirisha la kushoto, na jioni nikirudi linaingia kushoto tena. Sikio la kushoto ndilo linalonisaidia zaidi, kofia ya juu inafuata.

DerevaWaLikasi

Mama amesema kweli tupu. Naongeza habari ya barabara yangu, kwa sababu watu wananunua kofia wakidhani itatibu kila jua.

Barabara ya Likasi inaelekea kaskazini-magharibi. Ukitoka hapa saa tisa alasiri, jua liko usoni kwako. Kioo cha simu chenyewe kiko kivulini wakati huo, lakini bado husomi, maana macho yamezoea mwanga mkali wa mbele. Hapo kofia haina kazi. Shusha kile kibao cha jua cha gari, pandisha mwangaza wa simu, na uache ramani kwenye rangi za mchana. Ukienda asubuhi ndiyo shida nyingine: jua liko mgongoni, linapita kioo cha nyuma na kutua moja kwa moja juu ya simu. Linatokea upande uleule macho yako yalipo. Ukilizuia kwa kofia, na wewe mwenyewe huoni. Dawa ni kugeuza simu kidogo tu, mng'ao unahama. Kwa hiyo tazama kifundo cha kishikio: kizunguke kwa mkono mmoja, kisha kibaki pale ulipokiacha. Vifundo vya plastiki laini vinalegea kwa joto na simu inainama mbele polepole mpaka inatazama sakafu.

Kofia inafanya kazi yake saa za katikati, tuseme kuanzia saa nne hadi saa tisa, jua likiwa juu.

MwanaKamalondo

Naomba nikitetee cha kioo, maana mnakipiga peke yake. Mimi usukani wangu uko kushoto. Nimekiweka pembe ya chini kabisa ya kioo, upande wa mlango, na hakizibi mtu wala gari. Watu hawasafishi kioo kabla ya kubandika, ndiyo maana vinaanguka. Kiangazi vumbi letu jekundu linakaa kila mahali. Osha kioo na mpira wenyewe kwa maji na sabuni, kausha kwa kitambaa safi, ndipo ubonyeze. Vumbi likirudi mpirani, osha tena.

Kitu kimoja nakubali: asubuhi za Juni na Julai, baridi ikiwa kali, mpira unakuwa mgumu na unaweza kuachia. Pia Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa inayougandamiza mpira ni pungufu kidogo kuliko pwani. Lakini tofauti hiyo ni ndogo, vumbi ndilo adui.

FundiSimu

Mimi natengeneza simu, hapa Lubumbashi, komini ya Kenya. Nazungumza kwa ajili ya betri zenu, kwa sababu msimu wa joto ukifika naletewa simu zilizovimba mgongo.

Simu iliyo kwenye ramani inapokea GPS, kioo kimewaka mpaka mwisho, na iko kwenye chaji. Mambo hayo matatu yanaipasha moto kabla jua halijaongeza lake. Apple wanasema simu zao zitumike pale hewa isipozidi nyuzi 35. Nyuma ya kioo cha gari mchana wa Oktoba unazidi hapo bila shida. Ikizidi, simu yenyewe inapunguza mwangaza na kuacha kuchaji. Mtu anadhani kioo kimeharibika, kumbe simu inajilinda.

Kwa hiyo kivuli kina faida mbili: unasoma bila kupandisha mwangaza mpaka juu, na simu inapoa. Lakini lile sanduku la gundi ulilolisema, ndugu ShofereKatuba, ligeuze kwanza uone mgongo wake. Likiwa limefungwa nyuma na chini, joto la simu halina pa kutokea. Chagua lililo wazi mgongoni, kofia juu na masikio pembeni, basi. Rangi nyeusi kwa ndani ni nzuri kwa macho kwa kuwa hairudishi mwanga.

Cha tundu la kiyoyozi kinaipa simu hewa baridi, na kwa betri hicho ndicho bora kuliko vyote. Ila asubuhi za baridi ukiwasha hewa ya moto, funga tundu hilo. Na vile vya sumaku vinavyochaji bila waya, kwa joto letu sivipendi, kwa sababu kuchaji bila waya kunatoa joto zaidi kuliko waya.

ShofereKatuba

Asante sana fundi, hilo la mgongo wazi sikulifikiria. Na cha tundu, mapezi hayavunjiki?

FundiSimu

Yanavunjika, hasa kwa simu nzito na barabara ya mashimo. Tafuta chenye mguu wa pili unaoegemea dashibodi, uzito usibaki kwenye pezi. Kama tundu lako ni la duara, vingi havishiki. Peleka gari dukani ujaribishe palepale.

PolitekUNILU

Nasoma uhandisi UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, nimeona niwape hesabu ya kofia kwa sababu inabadilisha uchaguzi.

Simu kubwa za sasa zina urefu wa sentimita 16 hivi na upana wa 7.5. Tuseme imesimama wima na jua liko nyuzi 60 juu ya upeo, upande wa mgongo wako. Ili kivuli kifunike kioo chote, kofia inatakiwa itokeze sentimita 9 na zaidi. Sijaona kofia ya dukani ya namna hiyo, na ingekuwapo ingetikisika ovyo. Lakini ilaze simu ubavu. Sasa kimo chake ni 7.5 tu, na kofia ya sentimita 4 na nusu inatosha. Jua likishuka mpaka nyuzi 45, kofia inahitaji kutokeza sawa na kimo cha simu: 16 ikisimama, 7.5 ikilala. Tena msiilaze chali kutazama paa, kila nyuzi unayoiinamisha nyuma inakula kivuli.

Jambo la pili ni mahali. Hapa kwetu jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Oktoba na tena katikati ya Februari. Saa sita za siku hizo, paa la gari ndilo kofia kubwa uliyonayo. Simu iliyo karibu na kioo iko juani, simu iliyo karibu na usukani iko chini ya paa. Umbali wa kiganja kimoja au viwili unatosha kukupa kivuli cha bure.

DerevaWaLikasi

Safi sana, kijana. Ila kabla ya kulaza simu, vaa miwani yako ya jua uitazame. Miwani ya polaraizi inafanya baadhi ya vioo vya simu kuwa vyeusi kabisa upande mmoja, ama wima ama ubavu. Jaribu ukiwa umesimama, si njiani.

DukaVifaaNjanja

Mimi ni muuzaji, nawapa yale ninayowaambia wateja. Cha gundi kikianguka, mara nyingi sababu ni mafuta ya kung'arisha dashibodi. Ukipeleka gari kuosha, vijana wanaipaka dashibodi ing'ae, na juu ya mafuta hayo gundi haishiki. Nunua alkoholi famasi, changanya nusu kwa nusu na maji, futa mahali pale mpaka kitambaa kitoke safi, acha pakauke. Bandika, gandamiza kwa nguvu, kisha usiweke simu siku hiyo. Gundi ya povu kama ile ya 3M inafikia nguvu zake zote baada ya saa 72. Na mwambie kijana wa kuosha asiipake tena sehemu hiyo.

Ukija dukani, ingiza simu yako mwenyewe pamoja na kava lake. Angalia taya zinabana wapi: zikibana kitufe cha kuzimia au cha sauti, utahangaika njia nzima. Angalia pia kama waya wa chaji unapita simu ikiwa imelala. Cha mdomo wa CD nawauzia wenye redio ya zamani tu, na kinashika vizuri, kiko chini tena. Kofia ya kando inayouzwa nacho ndiyo siiamini, inakaa kwa mpira na inaruka kwenye shimo la kwanza.

ShofereKatuba

Nimeelewa, na nimebadilisha mpango. Nachukua cha dashibodi, mgongo wazi, kofia fupi na masikio mawili. Nitakiweka kushoto kwa usukani, chini ya mstari wa macho, karibu nami badala ya karibu na kioo. Simu italala ubavu. Nitakibandika Jumamosi jioni, simu niipandishe Jumanne. Kwa Likasi asubuhi nitageuza kifundo kama DerevaWaLikasi alivyosema.

Mama, wewe chako umekiweka wapi hasa? Naona upande wa abiria kuna nafasi kubwa iliyo tambarare.

MamaKasumbalesa

Hapo hapana, ndugu. Tazama kama kuna herufi SRS zimechapwa kwenye dashibodi. Chini yake kuna mfuko wa hewa wa abiria. Ukifunguka katika ajali, kishikio na simu vitamrukia usoni aliyekaa hapo. Changu kiko katikati, juu ya redio, mfuko hauko sehemu hiyo. Na waya wa chaji nimeupitisha chini pembeni, usiguse gia.

DukaVifaaNjanja

Hata kwenye usukani msibandike kitu, mfuko wa dereva uko humo. Ndugu, ukija Jumamosi njoo kabla ya saa nane, nitakusafishia dashibodi mimi mwenyewe.