Fundi amekitumbukiza kifuniko cha injini yangu ndani ya kostiki (magadi makali ya kusafishia), kisha akanidai pesa ya usafi

Mwalimu_wa_Tororo ameandika:

Ndugu zangu wana jukwaa, sitamtaja jina kwa sababu hakuna haja ya kumtaja. Mtu yeyote wa Tororo hapa Uganda aliyewahi kumiliki chombo chenye injini anamjua, na watu wa Malaba wanamtambua hata kwa kikohozi chake. Ninaandika huku mikono ikinitetemeka na kifuniko kikiwa mezani mbele yangu, na yeyote anayetaka kuniambia nitulie ninamwomba anisubiri nimalize kwanza.

Nilimpelekea kazi moja tu. Kifuniko cha alumini cha upande wa klachi cha pikipiki yangu, Honda CG 125 ambayo marehemu baba aliitumia alipokuwa bwana shamba, kilikuwa kikivujisha oili kwenye tundu la ekseli ya kiki ya kuwashia, nami nilitaka sili ya zamani, ile pete ya raba inayozuia oili, itolewe na mpya iingizwe, basi. Sikumwomba anisafishie kitu chochote, maana kifuniko kile kilikuwa kisafi kuliko sahani anazolia.

Niliporudi jioni aliniambia ningoje kidogo. Akaenda nyuma ya kibanda, akainamia ndoo, akavuta waya, na kwenye ncha ya waya ule kikaning'inia kifuniko changu, cheusi tititi, kikichuruzika maji ya kijivu na bado kikitoa vipovu. Akakiinua juu ili nikione vizuri, akatabasamu, akasema: "Mwalimu, nimekusaidia." Halafu akataja shilingi 10,000 za usafishaji.

Nimekusaidia! Mtu ameunguza kazi ya mikono yangu, amesimama mbele yangu ameshika waya, na neno analoliona linafaa ni hilo.

Acheni niwaeleze kifuniko kile kilikotoka. Kilikuwa kimefunikwa na tope la oili na vumbi jekundu lililookwa na joto la injini hadi likawa gamba. Nililikwangua kwa kijiti cha mti mgumu nilichokichonga bapa, wala si kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi huacha mkwaruzo kwenye uso unaokaa gasketi, yaani kizibo chembamba cha katikati ya kifuniko na injini, na oili hupitia hapo hapo. Nikakisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya nailoni, nje uani, mbali na jiko, kisha nikakiosha kwa maji ya moto na sabuni. Vanishi ya kiwandani ilikuwa imegeuka njano, na chini yake kulikuwa na nyuzi nyeupe za kutu zilizotambaa kutoka kwenye kila mkwaruzo wa zamani. Vanishi hiyo niliitoa yote kwa dawa ya kutolea rangi, maana ukipiga msasa juu ya vanishi unaziba msasa bure. Madoa meupe yaliyobaki niliyapaka maji ya ndimu kwa dakika chache na kuyasuuza kwa maji mengi.

Ndipo msasa wa maji ulipoanza: namba 400, kisha 600, 800, 1000, na 1500. Kila namba niliisugua kwa kukatiza mistari ya namba iliyotangulia, na sikuhamia nyingine mpaka mistari ile ilipotoweka yote, kwa sababu mstari wa 400 ulioachwa nyuma hujificha vizuri hadi saa ya kung'arisha, kisha ukajitokeza mbele ya wageni. Mwisho nilitumia dawa ya kung'arishia metali na kitambaa cha fulana kuukuu, nikasugua mpaka weusi unaotoka kwenye kitambaa ukaisha. Kilipokamilika, majogoo wa jirani walikuwa wakiruka ua kuja kupigana na sura zao, na jirani mwenyewe alinyolea ndevu mbele yake asubuhi ya Idi.

Hicho ndicho kilichotoka kwenye ndoo kikiwa cheusi, huku yeye akitabasamu.

Fundi wa miaka mingi hawezi kusema hakujua. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba mno wa oksidi unaojiunda wenyewe metali inapokutana na hewa. Kostiki huuyeyusha utando huo, kisha huanza kuila metali yenyewe, na vile vipovu alivyokuwa akinionyesha kwa fahari ni hidrojeni, gesi inayowaka, iliyokuwa ikitoka kwa sababu kifuniko changu kilikuwa kikiisha. Kilichoyeyuka hakirudi. Sili mpya, ambayo hupaswa kugongwa taratibu juu ya kipande cha mbao ili ikaze, sasa inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na inatoka kwa kidole hicho hicho. Uso wa gasketi umejaa vishimo, na ninapopitisha ukucha juu yake ninausikia ukikwama.

Na bado alisema amenisaidia. Shilingi 10,000, ndugu zangu!

NyundoYaMbale ameandika:

Mwalimu, pole sana. Ndoo ile ninaifahamu, nayo inamfahamu kila mwenye pikipiki kuanzia Mbale hadi mpakani. Mimi nilimpelekea kabureta ifunguliwe tundu la mafuta lililoziba, akanirudishia kabureta ya rangi ya majivu ambayo tundu lake limezibuka kweli, ila na kuta zake zimetoboka. Nilipolalamika aliniambia hewa nyingi ni nzuri kwa injini.

MkweWaBusia ameandika:

Mimi nina swali moja tu kwa mwalimu. Pikipiki ya Tororo hupita kwenye tope, hubeba ndizi, mbuzi na mashemeji wawili, na kifuniko cha klachi hukaa chini ya mguu wa kulia wa dereva ambako hakuna binadamu anayetazama. Nani alikuwa anakiangalia hicho kioo zaidi ya majogoo? Na mtu mwenye subira ya kupitia misasa yote hiyo alishindwaje kutoa sili ya raba mwenyewe?

Mwalimu_wa_Tororo ameandika:

MkweWaBusia, sili ilikuwa imegandamana, na kuitoa kwa bisibisi kungekwaruza ukuta wa tundu. Yeye ana kifaa chake maalumu cha kung'olea sili, ndiyo maana nilimpelekea. Usigeuze kesi. Mimi sikumpa kazi ya kusafisha. Alikichukua kitu cha mtu kisicho na uchafu, akakitumbukiza bila kuuliza, akakiinua kwa waya, akatabasamu. Ungekuwepo ukauona uso ule usingeandika habari za mbuzi.

Mstaafu_wa_Reli ameandika:

Wanangu, nimefanya kazi na injini za dizeli maisha yangu yote, na nitasema neno moja ambalo mwalimu hatalipenda. Kostiki ni dawa halali ya karakana. Bloku ya injini ya lori ya chuma cha kusubu huchemshwa humo ikatoka safi, kwa sababu chuma hakidhuriwi nayo, na bila shaka ndoo hiyo ilianza maisha yake kwa ajili ya malori. Kosa la fundi ni kutotofautisha metali mbili ambazo hata sumaku ya mtoto ingemtofautishia.

Huo weusi si uchafu wala si moshi. Alumini ya injini huchanganywa na silikoni, na mara nyingi na shaba kidogo. Kostiki inapoila alumini, vitu hivyo haiviyeyushi upesi hivyo, basi hubaki juu vikiwa ungaunga mweusi. Viwandani huutoa kwa asidi ya nitriki, ambayo sitaki kusikia mtu ameiweka uani penye watoto. Nyumbani, mwalimu, sugua kwa msasa wa maji na utatoka, lakini vipimo vilivyopotea havitarudi.

Kabla ya kukitupa, chukua kipande cha kioo cha dirisha kilicho bapa, weka juu yake msasa wa 400, kisha kisugue kifuniko kifudifudi kwa mizunguko ya namba nane bila kukandamiza. Sehemu zilizobonyea hazitaguswa na msasa, utaziona kwa rangi. Zikiwa chache na hazina kina, gasketi mpya itaziba. Tundu la sili likiwa limepanuka, hapo ni kutafuta kifuniko kingine. Nenda soko la vipuri la Kisekka pale Kampala na kifuniko chako mkononi, ulinganishe matundu ya bolti kabla ya kutoa pesa.

MamaNahodha ameandika:

Mwalimu angalau amepewa kifuniko cheusi kinachojulikana kuwa kimeharibika. Mimi nilipewa cheupe kinachometa, nikashukuru, nikalipa, nikatoa na ya soda.

Kilikuwa kifuniko cha juu cha injini ya Toyota ya mume wangu, kile kinachofunika valvu, na yule kijana wa kupuliza mchanga, ambaye pia mnamjua, alikipuliza kikawa kinapendeza. Ila ndani ya kifuniko hicho kuna bamba dogo lililofungwa ili kuzuia oili isirushwe kwenye tundu la kupumulia. Hakulifungua. Mchanga ukajaa nyuma ya bamba, mimi nikaosha nje na ndani nisione kitu, na injini ilipopata moto, oili ikauosha ule mchanga taratibu ikaupeleka kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu) na beringi. Nilipomrudia aliniambia kifuniko mbona bado ni cheupe.

NyundoYaMbale ameandika:

Dada, huyo wa mchanga ana ndugu yake anayetumia pedi za kusugua zinazozungushwa na dirili. Pedi zile zina chembe za oksidi ya alumini, ngumu kuliko chuma cha beringi, naye huzizungusha juu ya injini iliyo wazi huku akiimba.

Mwalimu_wa_Tororo ameandika:

Ninawaomba turudi kwenye ndoo. Alikiinua kwa waya. Alitabasamu.

Kaka_wa_Ndeeba ameandika:

Mwalimu, ndoo tumeielewa. Mimi ninataka kusema juu ya wale waoshaji wa magari wanaouza "maji ya rimu" kwenye chupa za soda zisizo na maandishi. Nilinunua nikapaka kwenye hedi (kichwa cha injini) ya alumini kwa mkono mtupu, na kweli uchafu uliondoka papo hapo. Mkono haukuuma hata kidogo mchana ule. Usiku vidole viliuma ndani ya mfupa mpaka nikapelekwa hospitali, na daktari akaniuliza mara moja kama nimeshika dawa ya kusafishia magurudumu. Baadhi ya dawa hizo zina asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi na kushika kalisi (kalsiamu) ya mwili. Ikikugusa, osha kwa maji yanayotiririka na uende hospitali hata kama huhisi maumivu. Yule aliyeniuzia anaendelea kuuza hadi leo, na chupa ni zile zile wanazonywea watoto.

MamaNahodha ameandika:

Huyo anapaswa kukamatwa. Na wale wanaopaka vanishi juu ya alumini yenye unyevu nao wafuatwe.

MkweWaBusia ameandika:

Mimi siamini vanishi kabisa. Paka nta, futa, rudia inapofifia. Vanishi ikipata mkwaruzo mmoja wa jiwe, maji huingia chini na ile kutu nyeupe huanza kutambaa mahali ambapo huwezi kuifikia.

Mstaafu_wa_Reli ameandika:

Nta ni kwa mwenye muda wa kurudia. Penye unyevu, alumini iliyo uchi hufifia upesi. Vanishi haina kosa ikiwa kipande kimeoshwa grisi yote kwa spiriti, kimekauka, na hakijaguswa tena kwa vidole. Ila iwe ya kustahimili joto, maana ile ya kawaida hugeuka njano karibu na bomba la moshi.

MkweWaBusia ameandika:

Mzee, hata hiyo ya joto nimeipaka na ikabanduka.

Mstaafu_wa_Reli ameandika:

Uliipaka juu ya uso uliong'arishwa kama kioo, nayo haina pa kushika. Ungeishia msasa wa 600.

Dada_wa_Soroti ameandika:

Hiyo ya kustahimili joto huuzwa kwa kopo la ukubwa gani? Hapa Soroti wananiambia ninunue galoni nzima, nami nina kifuniko kimoja tu cha jenereta.